Nani Analipa Mkeka Ukichanika?

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 14:10–20, Isaya 65:11, Mithali 6:1–5, 13:11, 28:19–22, Isaya 58:13, 14, Waefeso 4:28, Luka 15:11–24, Wagalatia 6:1–5.

Fungu la Kukariri: Waefeso 4:28. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha ujiandae kueleza kwa maneno yako kwa nini Paulo anataja mikono, kazi na mhitaji katika fungu moja.

Wilaya ya Rungwe inajulikana kwa mazao yanayotaka uvumilivu. Chai huchumwa kidogokidogo, mzunguko baada ya mzunguko. Mti wa parachichi uliobebeshwa humfanya mkulima asubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuuza mavuno ya maana. Ng'ombe wa maziwa hutaka majani kila siku, hata siku ya mvua, na mvua za Tukuyu si haba. Watoto wengi wa wilaya hii wamevishwa sare na kulipiwa michango ya shule kwa fedha za namna hiyo, zinazokuja polepole na kwa jasho.

Leo, katika vijiwe vya Tukuyu na Kiwira, vijana haohao wanaonyeshwa njia nyingine. Inahitaji simu, laini yenye pesa na ubashiri wa mechi. Kwa shilingi mia chache kijana anatengeneza mkeka, yaani orodha ya mechi alizobashiri, na anaahidiwa mamilioni. Timu moja ikimwangusha, husema mkeka umechanika. Asiyekuwa na simu janja hakosi mashine ya sarafu, ile iitwayo dubwi, karibu na duka au kilabu.

Makanisa yamelijibu jambo hili mara nyingi kwa kusema kwamba kamari ni dhambi. Ni kweli. Lakini kijana anayedaiwa na watu wanne hajui afanye nini baada ya kuisikia kweli hiyo, na mama ambaye fedha zake za chai zimetoweka kwenye simu hajui amwambie nani. Juma hili darasa litajifunza kile ambacho Biblia inakionyesha kuhusu dau na deni lake: kwamba anayeweka dau mara chache hulilipa peke yake. Kwa sababu hiyo, kumlinda kijana si kazi ya mzazi wake tu. Ni kazi ya kanisa zima.

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato.*

JUMAPILI

Meza ya Bahati

Soma Isaya 65:11. Watu wanaotajwa hapa walikuwa wamemwacha nani, na walikuwa wakimwandalia nani chakula na kinywaji?

Isaya anawazungumzia watu wa Mungu wenyewe. Walijua njia ya kwenda hekaluni, lakini walikuwa wamemsahau Bwana na mlima wake mtakatifu, wakaanza kuandaa meza kwa ajili ya Bahati na kujaza vikombe kwa ajili ya Ajali. Katika nchi zilizowazunguka, hiyo ilikuwa miungu iliyoaminiwa kugawa neema na mikosi. Mtu aliipelekea chakula akitumaini kwamba kesho yake ingebadilika.

Hakuna mshiriki wa Rungwe anayefikiri kwamba anaabudu sanamu anapoweka dau la shilingi 500. Hata hivyo, fungu hili linauliza swali linalomhusu: tumaini la kesho yake limewekwa wapi? Kijana anayeamka usiku kuangalia matokeo kabla hajaomba, anayeahidi kwamba ataanza kutoa sadaka siku atakayoshinda, anayepanga nyumba, duka na ndoa juu ya mkeka ambao mechi zake hazijachezwa, tayari ana meza aliyoiandaa.

Wapo watakaouliza: mbona Biblia yenyewe ina kura? Nchi iligawanywa kwa kura mbele ya Bwana kule Shilo (Yoshua 18:10). Mathiya alichaguliwa kwa kura (Matendo 1:26). Swali hilo ni la haki na lisipuuzwe darasani. Katika matukio hayo hakuna aliyetoa dau, wala hakuna aliyepata kwa sababu mwenzake amepoteza. Watu walikuwa wakimwomba Mungu aamue jambo ambalo hawakutaka kulipendelea wao wenyewe. Kamari ni kitu kingine: ushindi wa mmoja unatoka katika mifuko ya walioshindwa, na hakuna bidhaa wala huduma aliyowapa badala yake.

Mfano wa kura iliyo karibu zaidi na kamari umeandikwa katika Yohana 19:23, 24. Askari wanne walipigia kura kanzu ya Yesu chini ya msalaba wake. Mmoja wao aliondoka na vazi zuri. Ili alipate, aliyekuwa analivaa alivuliwa.

Kuna tofauti gani kati ya kumtumaini Mungu kwa ajili ya kesho na kuitumaini bahati? Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pamoja?

JUMATATU

Dau la Samsoni

Soma Waamuzi 14:10–20. Andika majina au makundi ya watu wote walioathirika na dau hili. Ni wangapi kati yao walikuwa wamekubali kucheza?

Hadithi ya Samsoni hufundishwa kwa watoto kwa ajili ya nguvu zake, na mara chache hukumbukwa kwamba ndani yake kuna dau. Samsoni alikuwa kijana katika sherehe ya arusi yake huko Timna, amezungukwa na vijana wenzake thelathini. Alitega kitendawili na kuweka masharti: wakikitegua ndani ya siku saba za karamu atawapa mavazi thelathini ya kitani na mavazi thelathini ya kubadili, wakishindwa, watampa yeye idadi ileile.

Mchezo ulianza kwa kicheko na haukuchukua muda kugeuka. Vijana wale waliona wanakaribia kupoteza, wakamtishia bibi arusi kwamba watamchoma moto yeye na nyumba ya baba yake asipowapatia jibu. Mwanamke huyo hakuwa ameweka dau lolote. Alilia mbele ya mumewe siku zote zilizosalia za karamu. Alipopewa jibu akawapa wao, na Samsoni akawa amepoteza.

Sasa deni lilitakiwa kulipwa, na Samsoni hakuwa na mavazi hayo. Alishuka mpaka Ashkeloni, akaua watu thelathini, akawavua, akawapelekea washindi mavazi yao. Watu wale wa Ashkeloni hawakuwa kwenye karamu na hawakukijua kitendawili. Mwisho wa habari, mke akapewa mtu mwingine aliyekuwa rafiki wa bwana arusi, na ukisoma hadi Waamuzi 15:6 utaona kwamba moto uliotishiwa ulikuja kuwaka kweli.

Ndivyo deni la dau linavyotembea. Mwendesha bodaboda anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni anaweza kuibeti hesabu ya leo akitumaini kuirudisha usiku. Akiikosa, mwenye pikipiki ndiye amelipa dau. Mwanachama wa kikoba aliyeaminiwa na fedha za kikundi akizibeti, dau limelipwa na akina mama waliokuwa wakiweka hisa zao kila juma. Mwanafunzi akibeti nauli, mzazi hulipa mara mbili. Na anayekopa kwa simu au kwa wale wakopeshaji waitwao kausha damu ili arudishe alichopoteza, ameongeza mtu mwingine kwenye orodha ya walipaji: yeye mwenyewe wa mwezi ujao.

Paulo anamwandikia aliyekuwa mwizi kwamba aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mwenye uhitaji (Waefeso 4:28). Katika fungu hilo fedha inaondoka mkononi mwa mfanyakazi na kwenda kwa mhitaji. Katika dau la Samsoni ilichukuliwa kwa wasiohusika ili kulipa mchezo.

Mtu akisema, "Nabeti kwa pesa yangu mwenyewe, simdhuru yeyote," habari ya Timna inamjibuje?

JUMANNE

Hesabu ya Mkeka

Soma Mithali 13:11 na Mithali 28:19–22. Mafungu haya yanasema nini kuhusu mali ya haraka na mali inayokusanywa kidogokidogo?

Mwenye hekima wa Mithali hakatazi utajiri. Anatofautisha njia mbili za kuufikia, na anasema wazi kwamba anayekimbilia mali haoni umaskini unaomjia. Maneno hayo yanaweza kupimwa kwa kalamu na karatasi, na ni vizuri darasa lifanye hivyo, kwa kuwa vijana wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii.

Chukua mkeka wa mechi kumi. Tuseme katika kila mechi kuna majibu mawili tu na kila moja lina nafasi sawa, kama sarafu inayorushwa juu. Majibu ya mechi kumi yanaweza kupangwa kwa namna 1,024 tofauti, na mpangilio mmoja tu ndio utakaokuwa sahihi. Sasa tuseme vijana 1,024 kila mmoja ameweka shilingi 1,000, na kila mmoja amechagua mpangilio wake. Zimekusanywa shilingi 1,024,000. Atashinda mmoja.

Kama mchezo ungekuwa wa haki, huyo mmoja angepewa zote. Lakini kampuni haiweki odi ya 2 kwa mechi yenye nafasi nusu kwa nusu. Huweka pungufu, kwa mfano 1.8. Katika mechi moja, kipunguzo hicho huonekana kidogo: kwa kila shilingi 100 zinazowekwa, 10 hubaki kwa kampuni. Kwa mechi kumi, 1.8 huzidishwa kwa yenyewe mara kumi na kupatikana 357 hivi. Mshindi atapata kama shilingi 357,000. Zilizobaki, shilingi 667,000, karibu theluthi mbili ya fedha zote za vijana wale, ni za kampuni, kabla ya kodi na gharama zake.

Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini matangazo husifu mikeka mirefu na kuiongezea bonasi. Kadiri mkeka unavyorefuka, ndivyo fungu la kampuni linavyokua. Inaeleweka pia kwa nini picha ya mshindi hubandikwa ukutani. Wale 1,023 hawapigwi picha.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu peke yake haiuonyeshi. Mkeka wa mechi kumi uliochanwa na timu moja humwachia kijana hisia kwamba alikaribia sana. Husimulia siku nzima jinsi bao la dakika za nyongeza lilivyomnyima nyumba. Hisia hiyo ya kukaribia humrudisha haraka. Ile michezo ya kompyuta kama kindege, ambayo haina mpira wowote ndani yake, huikusanya hisia hiyo katika sekunde chache na kuirudia mara nyingi kwa saa moja.

Madaktari nao wameliona tatizo hili. Shirika la Afya Duniani limeiweka kamari iliyomshinda mtu kujizuia miongoni mwa magonjwa, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kwa hiyo kijana anayesema, "Nimejaribu kuacha nimeshindwa," asichukuliwe kuwa mwongo au mvivu. Anahitaji toba, na anahitaji pia msaada.

Shilingi 1,000 kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Kwa bei za Tukuyu za leo, fedha hizo zingeweza kuanzisha nini? Miche mingapi ya parachichi, kuku wangapi, vifaa gani vya ufundi? Darasa lipige hesabu hiyo pamoja na vijana wenyewe.

JUMATANO

Jezi, Simu na Saa za Sabato

Soma Isaya 58:13, 14. Kuifanya Sabato iwe furaha kunahusianaje na mahali ambapo mawazo ya mtu yalipo?

Kuupenda mpira si dhambi, na darasa lisiwachanganye vijana kwa kuhukumu yote pamoja. Lakini ni lazima kukubali kwamba biashara ya kubeti imejishikiza kwenye mpira kiasi kwamba mtoto hawezi kuvitenganisha kwa urahisi. Mwaka 2017 Simba na Yanga, klabu mbili zenye mashabiki wengi kuliko zote nchini, zilidhaminiwa na kampuni moja ileile ya kubeti, na jina lake likakaa vifuani mwa jezi za timu zote mbili. Mtoto wa miaka sita aliyenunuliwa jezi hiyo kwa nia njema alikuwa amevalishwa tangazo. Mwaka huohuo uchunguzi wa GeoPoll kwa vijana wa nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya walioulizwa walikuwa wamewahi kucheza kamari.

Serikali za Afrika Mashariki nazo zimekuwa zikihangaika na jambo hili. Mwaka 2019 Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kubeti michezo, na Kenya ikakataa kuhuisha leseni za kampuni nyingi. Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayosimamia biashara hiyo, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Sheria hiyo ni silaha mikononi mwa wazazi na viongozi wa kanisa. Mwenye duka anayemruhusu mwanafunzi mwenye sare kutumbukiza sarafu katika mashine anavunja sheria ya nchi, na kumweleza hivyo kwa upole mbele ya mwenyekiti wa mtaa si uchokozi.

Lakini kuna mlango ambao sheria haiwezi kuufunga, nao uko nyumbani. Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Mtoto wa miaka 15 anayebeti kwa simu kwa kawaida anatumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu mzima: baba, mama, shangazi, kaka. Na mara nyingi anaijua namba ya siri kwa sababu ndiye aliyeambiwa amsaidie bibi kutoa pesa. Mzazi ambaye hajaangalia orodha ya miamala ya simu yake kwa miezi mitatu, mlango wake uko wazi.

Kisha kuna Sabato. Mechi nyingi za Ligi Kuu ya Uingereza huchezwa Jumamosi. Zile zinazoanza saa 9 alasiri kwa saa za huko huanza saa 11 jioni huku kwetu, na Ulaya inapokuwa katika majira ya baridi huanza saa 12 jioni. Kwa saa hizo jua la Tukuyu bado halijazama. Kijana aliyeweka dau Ijumaa mchana amekaa katika Chama cha Vijana siku ya Sabato, simu ikiwa kimya mfukoni, na moyo wake uko Manchester. Hajavunja kanuni yoyote ambayo shemasi anaweza kuiona. Hata hivyo Sabato yake imeuzwa, na imeuzwa tangu jana.

Kumlinda si kumnyang'anya simu mlangoni. Wazee wa Kinyakyusa walijua kwamba kijana hujifunza kwa kukaa na wenzake. Zamani wavulana wa rika moja walijenga vibanda vyao pamoja, wakachunga pamoja na kula kwa zamu katika nyumba za mama zao, na kukaa pamoja kwa furaha kuliitwa ukwangala. Hakuna anayedai kwamba kila kitu cha siku hizo kilikuwa chema. Lakini kibanda cha kubeti kimejaa leo kwa sababu kinatoa kile ambacho kijana anakitafuta: wenzake, kiti, mazungumzo na televisheni. Sabato alasiri, kanisa linampa nini baada ya wimbo wa kufunga?

Katika kanisa lenu, kijana asiye na kazi wala familia anakwenda wapi kuanzia saa 8 mchana wa Sabato hadi jua kuzama? Nani yuko pamoja naye?

ALHAMISI

Njia ya Kurudi

Soma Luka 15:11–24 na Wagalatia 6:1–5. Baba alifanya nini kabla mwana hajamaliza maneno aliyoyaandaa? Paulo anawaagiza wa rohoni wafanye nini kwa aliyenaswa, na kwa roho gani?

Mwana mpotevu alitapanya urithi ambao baba yake alikuwa ameukusanya kwa miaka. Aliporudi alikuwa na hotuba tayari: angeomba awe kama mfanyakazi. Baba alimwona akiwa bado mbali, akakimbia. Angekuwa amekaa ndani akisubiri maelezo kamili ya matumizi, huenda mwana angegeukia njiani.

Hapa ndipo washiriki wengi wanapokwama. Kijana anayebeti na kudaiwa yuko tayari kanisani. Anaimba kwaya, anasaidia kupanga viti, na huenda ameketi katika darasa hili. Anajua sauti zitakazotumika siku akisema. Amewasikia watu wazima wakisema juu ya wengine: mwizi, kichwa maji, aibu ya familia. Kwa hiyo ananyamaza na kuweka dau jingine, kwa kuwa ushindi ndio njia pekee ya kulipa deni ambayo haimlazimishi kufungua kinywa.

Mithali 6:1–5 inampa njia ya pili. Mtu aliyenaswa kwa kuwa mdhamini wa mwenzake anaambiwa asilale usingizi. Aende, ajinyenyekeze, amsihi mwenzake, ajiokoe kama paa atokaye mkononi mwa mwindaji. Kwa kijana wa leo, hatua hizo zinaweza kuwa hivi.

Kwanza, amwambie mtu mmoja anayeaminika kiasi kamili anachodaiwa, bila kupunguza. Pili, aandike majina ya wote wanaomdai, aende kwao pamoja na mtu huyo, na kukubaliana malipo madogo ambayo anaweza kuyatimiza. Tatu, aifute programu, aiombe kampuni ifunge akaunti yake, na kwa miezi kadhaa mshahara au mapato yake yapitie mkononi mwa mtu anayemwamini. Nne, asilipe deni lolote kwa mkopo mwingine wala kwa dau la mwisho. Tano, kama mawazo yake yamefika mahali pa kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maombi yatangulie na kuambatana na hatua zote hizi. Yasichukue nafasi ya yoyote kati yake.

Kanisa nalo lina sehemu yake. Wagalatia 6 inaweka pamoja kuchukuliana mizigo na kila mtu kuuchukua mzigo wake. Kijana alipe deni lake. Kanisa lisimwache alilipe akiwa peke yake. Na kwa wale ambao hawajaanza kubeti, ulinzi ulio bora ni mtaji mdogo wenye mtu wa kuufuatilia. Katika nyanda hizi za juu unajulikana mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: aliyepewa mtamba humpa jirani ndama jike wa kwanza. Idara ya vijana inaweza kuanza na kitu kidogo zaidi, kama miche, vifaranga au cherehani, kwa kanuni ileile. Katika mpango huo faida ya mmoja ni mwanzo wa faida ya jirani yake.

Kijana akikujia Sabato hii na kusema anadaiwa shilingi 400,000 za kubeti, sentensi yako ya kwanza itakuwa ipi? Iandike kabla ya kuja darasani.

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma habari yote ya Samsoni katika Waamuzi 13 hadi 16, na sura inayomhusu katika maandiko ya Ellen G. White juu ya wazee na manabii. Angalia jinsi kijana aliyewekwa wakfu kabla hajazaliwa alivyopotea hatua kwa hatua kupitia marafiki aliowachagua, na jinsi Mungu alivyomsikia hata alipoomba akiwa kipofu.

Msimamo wa Kanisa la Waadventista Wasabato ulielezwa katika tamko lililotolewa wakati wa Kikao cha Konferensi Kuu mjini Toronto, Kanada, mwaka 2000. Kanisa linapinga kamari ya kila namna kwa kuwa haipatani na kanuni za Kikristo za uwakili na upendo kwa jirani, na halikubali kupokea fedha ambazo ni wazi kuwa zimetokana na kamari. Msimamo huo unawagusa vijana, na unaigusa pia kamati ya ujenzi inayofikiria kuuza tiketi za bahati nasibu ili kupaua kanisa. Mtoto anayemwona mzee wa kanisa akinunua tiketi kwa ajili ya bati atapata shida kuelewa kwa nini tiketi yake mwenyewe ni dhambi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana ameshinda shilingi 2,000,000 kwa kubeti na ameleta zaka ya 200,000. Mweka hazina afanye nini, na aseme nini ili kijana asiondoke akidhani kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekataliwa?

2. Baadhi ya wazazi Wakristo hubeti na kuwakataza watoto wao. Darasa lizungumze kwa uwazi: je, watu wazima wa kanisa lenu wako huru na jambo hili?

3. Serikali hupata kodi kutokana na michezo ya kubahatisha, na baadhi ya vijana hupata ajira kwenye vibanda vyake. Mwadventista anayetafuta kazi ashauriwe nini akipewa nafasi ya kuuza tiketi za kubeti? Kanisa limsaidieje akikataa nafasi hiyo?

4. Taja jambo moja ambalo darasa lenu litalifanya kabla ya Sabato ijayo kwa ajili ya kijana mmoja. Amueni nani atalifanya na siku gani. Sabato ijayo anzeni kwa kuuliza kama limefanyika.